Mkaguzi Alipokuwa Ndiye Hatari: Kisa cha Mabaraza 56 ya Insia Marekani

Usiku wa tarehe 2 Aprili 2025, mabaraza ya insia ya majimbo yote ya Marekani, yaani asasi zinazowapelekea wananchi historia, fasihi, falsafa na lugha, yalianza kupokea barua pepe kutoka anwani wasiyoifahamu. Haikuwa anwani ya kawaida ya serikali, na kwa baadhi yao ujumbe uliishia kwenye folda ya barua taka, ukaja kutafutwa huko baada ya habari kuenea. Barua ilikuwa na saini ya Michael McDonald, kaimu mwenyekiti wa Mfuko wa Taifa wa Insia, ambao Wamarekani huuita kwa kifupi NEH. Ilisema ruzuku imefutwa yote, papo hapo, kwa kuwa fedha zinaelekezwa upya kufuata ajenda ya Rais. Hakuna aya iliyodai kwamba baraza fulani limeiba, limezembea au limewasahau wananchi wa jimbo lake.

Siasa za tukio hilo zimeandikwa sana. Mimi nalitazama kwa jicho la mtu anayefuatilia tathmini za asasi. Mabaraza haya yalikuwa yakikaguliwa kwa utaratibu ambao asasi nyingi zisizo za faida hazina hata nusu yake: kila baada ya miaka mitano yaliandika tathmini yao wenyewe, yakapokea wageni wa kuipima, kisha yakajibu mapendekezo. Na hatari iliyokuja kuyayumbisha ilikuwa imekaa mezani miaka yote hiyo, tena ikiongoza kikao.

Mabaraza yalivyozaliwa

Sheria iliyoanzisha NEH ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 29 Septemba 1965. Mwanzoni fedha zilikwenda zaidi kwa watafiti, vyuo vikuu na taasisi kubwa. Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island, mmoja wa walioipigania sheria yenyewe, alishikilia kwamba historia, fasihi, falsafa na lugha nazo zifike majimboni kama sanaa zilivyokuwa zikifika.

Mwaka 1971 wakajaribu katika majimbo sita, kwa njia tatu tofauti. Maine na Oklahoma zilitumia mabaraza ya sanaa yaliyokuwepo. Georgia na Missouri zikapitia vitengo vya elimu ya watu wazima vya vyuo vikuu. Oregon na Wyoming zikaunda kamati mpya kabisa za watu wa kujitolea. Njia hii ya tatu ndiyo iliyoshinda, na ndiyo sababu baraza la insia la jimbo leo si idara ya serikali wala tawi la NEH. Ni asasi ya kiraia yenye bodi yake, iliyosajiliwa kivyake, inayopokea ruzuku ya serikali kuu. Ziko 56: moja kwa kila jimbo kati ya 50, nyingine ya mji mkuu Washington, na tano za Puerto Rico, Visiwa vya Virgin, Guam, Samoa ya Marekani na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini.

Kazi zao ni za aina ambayo haiingii kwa urahisi kwenye jedwali. Mijadala ya vitabu maktabani na magerezani. Vikao vya historia simulizi kwenye miji midogo. Ruzuku za dola elfu chache kwa makumbusho yenye mtumishi mmoja. Maonyesho yanayozunguka vijijini kwa ushirikiano na Smithsonian, taasisi kubwa ya makumbusho ya taifa. Virginia na Georgia mabaraza yalishiriki kujenga ensaiklopidia za mtandaoni za majimbo yao, ambazo wanafunzi huzitumia kila siku. Louisiana ilianzisha mwaka 1991 programu ya familia kusoma pamoja, ikaigwa na majimbo mengine.

Sheria inadai nini

Watu wengi hudhani kuwa kigezo cha kupima asasi ya namna hii ni idadi ya waliohudhuria. Sheria ya Marekani inaanzia mbali zaidi. Inataka baraza liwe na sera ya uanachama inayohakikisha uwakilishi mpana wa umma, liwe na utaratibu wa kupendekeza majina ulio wazi kwa makundi mbalimbali ya jimbo, lipokezane nafasi za bodi mara kwa mara ili watu wale wale wasikae milele, limpe gavana taarifa, na liufungulie umma habari zake. Gavana anaruhusiwa kuteua baadhi ya wajumbe, lakini si wengi kiasi cha kulimeza baraza.

Napenda mpangilio huo. Unauliza kwanza nani ameketi mezani, ndipo unauliza wamefanya nini. Kwa asasi ya insia swali la kwanza lina uzito wa pekee, kwa sababu kazi yenyewe ni kuamua hadithi ya nani isimuliwe. Bodi iliyojaa maprofesa watupu wa chuo kimoja itatoa ruzuku zenye sura ya chuo hicho hata kama kila mjumbe ana nia njema. Nimeona asasi za utamaduni huku kwetu ambazo mwanzilishi, mke wake na rafiki wa mwanzilishi ndio bodi. Mtathmini wao wa nje huhesabu warsha na washiriki, akafunga kazi bila kuligusa hilo, maana halikuwemo kwenye hadidu za rejea.

Ziara ya wageni

Utaratibu wa miaka mitano huanza ndani. Baraza linaandika kujihusu: dhamira, muundo wa bodi, programu, washirika, maeneo ya jimbo yanayofikiwa na yasiyofikiwa, hesabu, mpango wa miaka ijayo. Kisha wageni wanakuja, mchanganyiko wa watu wa NEH na watu wa nje wanaoifahamu kazi, mara nyingi kutoka mabaraza ya majimbo mengine. Wanakutana na bodi, watumishi, wakutubi, wakuu wa makumbusho madogo waliopata ruzuku. Wakiondoka, inaandikwa ripoti yenye pongezi na mapendekezo.

Mgeni anayetoka baraza jingine ana faida moja kubwa: hadanganyiki kirahisi. Anajua mkurugenzi anaposema programu "inafikia jimbo zima" inaweza kumaanisha miji miwili na mkutano mmoja wa Zoom, kwa sababu yeye mwenyewe amewahi kuiandika sentensi hiyo. Udhaifu wake unatoka hapo hapo. Mwaka kesho huenda anayemkagua leo akaja kumkagua yeye, na kalamu hulainika.

Lakini kuna jambo lililoufanya mfumo huu uwe mkweli kuliko ninavyotarajia kwa kawaida, nalo si la kitaalamu hata kidogo. Mgawo wa baraza haukutegemea alama. Sheria imetenga kwa ajili ya mabaraza walau asilimia 20 ya fedha za programu za NEH, ikaweka kiwango cha chini cha dola 200,000 kwa kila moja, na sehemu ya kilichobaki hugawanywa kwa usawa na kwa kufuata idadi ya watu. Ripoti kali haikukupunguzia dola, na ripoti tamu haikukuongezea nyingi. Hivyo baraza liliweza kuandika kwamba bodi yake haina mjumbe kutoka upande wa magharibi wa jimbo, au kwamba mfumo wake wa kufuatilia ruzuku ni mbovu, bila kuhofia mishahara ya mwezi ujao.

Wafadhili wengi tunaowajua hufanya kinyume. Tathmini ya mwisho wa mradi inafika mezani pamoja na andiko la kuomba awamu ya pili, halafu watu wanashangaa kwa nini kila mradi barani Afrika umefaulu.

Upofu wa mizania

Sasa nije kwenye kile ambacho utaratibu huu haukukiona vizuri.

Sheria inataka kila dola ya NEH ioanishwe na dola nyingine kutoka kwingine. Kwenye karatasi hilo linaonyesha afya: nusu kwa nusu, asasi isiyoelemea upande mmoja. Shida ni kwamba dola ya kuoanisha si lazima iwe fedha taslimu. Saa za mjumbe wa bodi anayejitolea zinathaminishwa na kuhesabiwa. Ukumbi wa maktaba uliotolewa bure unahesabiwa. Muda wa profesa aliyeendesha mjadala jioni unahesabiwa.

Sipingi hesabu hiyo. Michango hiyo ni ya kweli na inaonyesha kwamba jamii imeikubali kazi. Ila saa za kujitolea hazilipi mshahara wa mhasibu, wala ukumbi wa bure haulipi bima. Baraza linaweza kuonyesha uwiano wa dola kwa dola mwaka hadi mwaka huku fedha yake taslimu, ile inayowasha taa za ofisi, ikitoka karibu yote sehemu moja. Kwa majimbo madogo ndivyo ilivyokuwa. Uwiano ulikuwa sahihi kwa sheria na ulipotosha kwa uhai.

Wageni wa miaka mitano walikuwa na nafasi ya kuliuliza hilo, na ushauri wa kutafuta vyanzo vingine ni wa kawaida sana katika ripoti za aina hii duniani kote. Lakini tazama nani anayetoa ushauri. NEH ndiyo mfadhili, NEH ndiyo inayoandaa tathmini, NEH ndiyo inayopokea ripoti. Ingeandikaje kwamba hatari namba moja ya baraza hili ni sisi? Kwenye safu ya hatari za kifedha yangeandikwa mambo kama bunge la jimbo kukata bajeti au mfadhili binafsi kuondoka. Mganga hajigangi, na mfadhili hajiandiki kwenye orodha ya magonjwa.

Zaidi ya hapo, kwa miaka zaidi ya 50 kulikuwa na sababu nzuri ya kutoliona. Bunge la Marekani lilikuwa likitenga fedha hizo kila mwaka chini ya vyama vyote viwili. Mapendekezo ya bajeti ya Rais Trump katika muhula wake wa kwanza yalitaka NEH ifutwe kabisa, Bunge likakataa. Aliyeona jaribio likishindwa mara kadhaa alikuwa na haki ya kudhani ukuta ni imara. Hakuna aliyefikiria kwamba fedha zilizokwisha kupitishwa na Bunge, na ruzuku zilizokwisha kusainiwa, zingefutwa kwa barua pepe.

Barua

Shelly Lowe, mwenyekiti wa NEH na mtu wa kwanza mwenye asili ya Wenyeji wa Marekani kushika nafasi hiyo, aliondoka Machi 2025 kwa maelekezo ya Rais. Wiki chache baadaye maafisa wa DOGE, kile kitengo cha kubana matumizi, walikuwa ndani ya NEH. Zaidi ya ruzuku 1,400 zilifutwa, za watafiti na taasisi, na za mabaraza yote 56 kwa mkupuo. Kwa mabaraza peke yake ilikuwa takriban dola milioni 65 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya watumishi wa NEH wenyewe waliwekwa likizo.

Linganisha namna mbili za kupima. Upande mmoja, kitabu cha tathmini kilichoandikwa na bodi, wageni waliosafiri, mahojiano na mkutubi wa mji mdogo. Upande wa pili, katika kesi iliyofunguliwa New York na vyama vya wanataaluma, nyaraka zilionyesha kwamba maafisa wa DOGE waliingiza maelezo mafupi ya ruzuku za miradi kwenye ChatGPT na kuiuliza kama yanahusiana na sera za usawa na ujumuishi, jibu lisizidi herufi 120. Mabaraza hata hayo hayakuyapata. Baraza la jimbo lenye ripoti bora na lile lenye ripoti mbovu yalipokea barua moja, maneno yale yale.

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala aliyekuwa kwenye ofisi ya mradi mwishoni mwa Januari 2025, amri ya kusimamisha kazi za USAID ilipofika, hahitaji kuelezwa zaidi. Miradi iliyokuwa na tathmini nzuri kabatini ilisimama siku moja na isiyokuwa nayo.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kusema tathmini ni kupoteza muda. Nadhani wanaruka hatua. Sheria ya NEH ina kifungu kuhusu baraza linalokiuka masharti: mwenyekiti anaweza kulikatia fedha baada ya kulipa taarifa ya kutosha na nafasi ya kusikilizwa, akithibitisha kwamba halifuati sheria, halifuati mpango wake au limeelekeza fedha kwingine. Tathmini ya miaka mitano ni sehemu ya ulimwengu huo wa taarifa na kusikilizwa. Barua ya Aprili haikupita mlango huo kabisa. Kulaumu tathmini kwa kutouzuia uamuzi ambao haukuiuliza chochote ni kumlaumu shahidi ambaye hakuitwa.

Walivyoendelea kuishi

Tarehe 29 Aprili 2025 Taasisi ya Mellon, mfadhili binafsi, ilitangaza dola milioni 15 za dharura kwa mabaraza yote, kupitia Shirikisho la Mabaraza ya Insia ya Majimbo, asasi mwavuli iliyoanzishwa mwaka 1977. Fedha hizo zilikuwa chini ya robo ya kilichopotea. Tarehe 15 Mei, Shirikisho na baraza la Oregon, moja ya yale yaliyotangulia mwaka 1971, walifungua kesi Portland. Tarehe 6 Agosti Jaji Michael Simon alitoa zuio la muda, akiona kwamba walalamikaji wana uwezekano wa kushinda: Bunge lilikuwa limezitenga fedha hizo kwa kusudi hilo, na wasimamizi hawakuwa na mamlaka ya kuzigeuza watakavyo. Zuio halikurudisha mara moja waliokwisha kupunguzwa kazi.

Kati ya mabaraza, tofauti ilitokana na kitu kimoja cha kawaida mno: fedha zisizo za NEH. Nebraska ni mfano ninaoupenda. Mwaka 1998 bunge la jimbo hilo liliunda mfuko wa akiba wa utamaduni, ambao faida yake inagawiwa kwa baraza la sanaa na baraza la insia, na watu binafsi wakahamasishwa kuuchangia. Kukatwa kwa fedha za serikali kuu kuliwaumiza nao, ila walikuwa na sakafu ya kusimama. Mfuko wa namna hiyo haujengwi mwaka wa dharura. Ule wa Nebraska ulikuwa na zaidi ya robo karne, na ulianza wakati ambapo hakuna ripoti ya ukaguzi ingeona sababu ya haraka.

Mkaguzi asiye na mfuko

Kuna njia nyingine, nayo iko nchi hiyo hiyo, kwa ndugu wa jirani wa mabaraza. Chama cha Makumbusho cha Marekani kinatoa ithibati kwa makumbusho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Makumbusho inajichunguza yenyewe kwa maandishi marefu, wakaguzi wawili wa taaluma hiyo wanaitembelea, na mzunguko ni wa miaka 10. Zinadaiwa nyaraka za msingi: dhamira, kanuni za maadili, sera ya makusanyo, mpango mkakati, mpango wa majanga. Chama hakiwapi fedha. Kinachotolewa ni heshima tu, na kinachoweza kuondolewa ni heshima hiyo hiyo.

Mkaguzi wa namna hii anaweza kuandika kwa uhuru kwamba mmeegemea mno kwa mfadhili fulani, maana mfadhili huyo si yeye. Bei yake ni meno. Mwaka 2014 makumbusho ya sanaa ya Delaware iliuza kazi kutoka makusanyo yake ili kulipa deni. Chama kikaiondolea ithibati, nayo ikaendelea kufungua milango. Tena kujiandaa kwa ithibati kunakula muda wa watumishi, kwa hiyo kati ya makumbusho makumi ya maelfu ya Marekani, yenye ithibati ni elfu moja na kidogo. Makumbusho ya mtumishi mmoja, yale hasa yanayopewa ruzuku na mabaraza ya insia, hayafiki huko.

Ningekuwa naandika hadidu za rejea za mzunguko ujao wa mabaraza, ningeacha ziara na wageni kama zilivyo, nikahamisha kiti cha mwenyeji kutoka NEH kwenda kwa Shirikisho. NEH ipate nakala ya ripoti kama mfadhili, isiwe mwandaaji. Na kwenye sura ya fedha ningetaka jedwali la fedha taslimu peke yake, michango ya saa na kumbi iwekwe kando, likifuatiwa na maelezo ya nini kitatokea fedha za chanzo kikubwa zikikoma katikati ya mwaka: programu ipi inaendelea, ipi inasimama, nani anaambiwa kwanza, akiba inabeba miezi mingapi. Hilo lingewezekana hata mwaka 2015. Lisingezuia barua, lakini lingepunguza idadi ya mabaraza yaliyoanza kutafuta majibu hayo asubuhi ya tarehe 3 Aprili.

Ugumu unaobaki siuoni ukitatuliwa na hadidu za rejea. Ukweli wa tathmini hizi ulilindwa na kanuni ya mgawo: andika udhaifu wako, fedha zako haziguswi. Mkurugenzi anayeandaa tathmini yake sasa anajua kwamba mgawo unaweza kuguswa, na kwamba nyaraka alizompa mfadhili zinaweza kusomwa na watu ambao hawakuwahi kukaa kwenye kikao cha wageni. Ana aya mbele yake kuhusu wilaya mbili ambazo baraza halijazifikia kwa miaka mitano, na sababu zake. Miaka kumi iliyopita angeiacha ilivyo. Leo wajumbe wa bodi watataka kwanza kujua ripoti inakwenda kwa nani, na atakuwa hana jibu la kuwapa.